"Mwalimu, mbuzi wangu alinunua bati ngapi?"

#1 (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu. Na ninyi wa imani nyingine, salamu kwenu, maana jambo hili linamgusa yeyote aliyewahi kushika fedha ya watu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Bahi, hapa Dodoma. Kwa miaka sita nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu. Kijiji na dhehebu sitavitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza ni langu. Nimekaa nalo muda mrefu, na juzi kijana mmoja aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa vijana alikuja kuniomba ushauri wa uongozi. Nikajikuta sina ushauri mwingine zaidi ya kisa hiki. Nimeona nikiandike na hapa.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na kuna miaka inakatika Februari, mtama unakauka ukiwa kimo cha goti. Fedha taslimu kijijini ni chache. Lakini ikifika ibada ya mavuno watu wanaleta walichonacho: debe la uwele, gunia la alizeti, karanga, maboga, kuku kafungwa miguu. Ibada ikiisha tunatoka nje chini ya mbuyu, mzee wa kanisa anamnyanyua kuku juu, mnada unaanza. Elfu saba! Nani ana nane? Asiye na fedha siku hiyo anaandikwa, analipa akiuza mazao. Kanisa letu lilipanda hivyo, kozi kwa kozi, kwa tofali za kuchoma tulizofyatua wenyewe, mpaka tukafunga lenta.

Ikabaki kupaua. Mwaka huo bibi mmoja mjane alileta mbuzi, beberu mweupe mwenye baka jeusi shingoni. Kila mtu pale alijua bibi ana mbuzi wanne tu. Beberu akanadiwa, akaenda kwa 70,000.

Sasa fedha ilikaa wapi? Kanisa lina akaunti benki, lakini benki iko mjini na kutoa fedha kunahitaji watu watatu waende kusaini. Nauli ya watu watatu, siku nzima imeondoka, na mweka hazina wetu wakati huo alikuwa na mtoto mchanga. Nikasema, "Msisumbuke, zitumeni kwangu, kwenye simu." Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Laini hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitumia kumtumia mwanangu ada, kununua vocha, kulipia dawa za mama. Mabati niliyafuata mwenyewe mjini, mbao mwenyewe, misumari mwenyewe. Risiti nyingine zilikaa mfuko wa koti, nyingine ndani ya Biblia, nyingine nadhani zilifuliwa na suruali.

Agosti, upande mmoja wa paa ukiwa umeezekwa, tukawa na kikao cha waumini baada ya ibada. Upepo wa vumbi ulikuwa mkali, watu wamejifunika khanga usoni. Nikasimama na kutoa taarifa yangu, na naikumbuka neno kwa neno kwa sababu ilikuwa fupi: "Kazi inakwenda vizuri, Mungu ni mwema, tuendelee kutoa." Wakasema Amina.

Yule bibi akanyoosha mkono. Akasimama taratibu, akashika mgongo wa benchi la mbele yake, akauliza: "Mwalimu, mbuzi wangu alinunua bati ngapi?"

Hakuwa na ukali wowote. Ameuliza kama mtu anayeulizia mjukuu wake anaendeleaje shuleni. Mimi damu ikanipanda kichwani. Nikamjibu mbele ya kanisa zima: "Bibi, miaka sita nimejitolea, sijalipwa hata senti. Pikipiki yangu, mafuta yangu. Leo mnaniuliza habari za mbuzi?"

Kimya. Bibi akasema, "Samahani, baba." Akakaa.

Mwanamke wa umri wa mama yangu aliniomba mimi radhi, kwa sababu aliulizia mali yake.

Hakuna aliyenisema. Hakuna aliyeniita mwizi. Ila Jumapili ya mnada uliofuata mezani palikuwa na maboga mawili na mayai kwenye sahani. Nikajiambia ni ukame. Mavuno yalikuwa hafifu kweli, lakini nilijua.

Wiki mbili baadaye mwinjilisti wetu, mzee, alikuja shuleni na baiskeli wakati wa mapumziko. "Mbukwa, mwalimu." Tukasalimiana vizuri, tukaongea habari za mvua, habari za watoto. Hakugusia kikao. Wakati anaondoka akasema, "Ukipata nafasi usome Samweli wa kwanza, sura ya kumi na mbili. Sisi ni Wagogo, neno la ng'ombe tunalielewa."

Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi, na siku zote niliisoma kama hotuba ya mtu anayeaga. Usiku ule niliisoma nikiwa mshtakiwa. Samweli ni mzee, mvi zimejaa, amewaongoza tangu ujana wake. Anasimama mbele ya taifa zima na mbele ya mfalme mpya, na neno lake la kwanza ni kujiweka kizimbani: semeni, nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Anaahidi kurudisha kama kipo. Wala hakuna aliyekuwa amemshtaki. Na kumbukeni sura ya nane: watoto wake, waliokuwa waamuzi kule Beersheba, walikuwa wakila rushwa, na watu walilisema hilo waziwazi. Kwa hiyo nyumba yake ilikuwa na doa, na yeye alijua. Angeweza kujificha nyuma ya miaka yake ya utumishi, kama nilivyojificha mimi nyuma ya pikipiki. Aliitumia miaka hiyohiyo kuwa sababu ya kuulizwa.

Kesho yake nikafungua 2 Wakorintho 8. Paulo anakusanya mchango mkubwa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Huyu ni mtume, amepigwa mawe, amefungwa, nani angemshuku? Lakini anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe kusafiri na mchango ule, na anataja sababu: asije mtu akawalaumu kwa habari ya fedha hizo. Anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mimi nilikuwa nimeishika nusu ya kwanza tu. Mungu ananijua, basi. Bibi hakuwa Mungu, hakuwa na namna ya kuona ndani ya simu yangu.

Ezra naye, sura ya nane. Kabla ya kuondoka kwenda Yerusalemu anatenga wakuu wa makuhani kumi na wawili na kuwapimia fedha na dhahabu kwa mizani. Safari ni ya miezi, njia ina wanyang'anyi. Wanafika, wanapumzika siku tatu, ya nne vinapimwa tena, kila kitu kwa hesabu na kwa uzito, na uzito unaandikwa. Wote pale walikuwa watumishi wa Mungu, na bado walipima mara mbili.

Basi nikaanza kupima. Ilinichukua wiki mbili za jioni. Nilikwenda kwenye duka la vifaa mjini kuomba nakala za risiti, nikapitia miamala ya simu mmoja mmoja, nikamwita fundi tukahesabu mabati juu ya paa na yaliyobaki stoo. Mwishoni kulikuwa na 86,000 ambazo sikuweza kuzieleza. Nadhani ziliingia kwenye dawa za mama mwezi wa sita, nikakusudia kuzirudisha, nikasahau. Nadhani. Hilo "nadhani" ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu mtu aliyeshika daftari vizuri hana haja ya kudhani.

Jumapili nikasoma hesabu yote kanisani, mstari kwa mstari, na hizo 86,000 nikazitaja. Nikaziweka mezani. Nikaomba radhi kwa kanisa, kisha nikaomba radhi kwa bibi kwa jina lake.

Nimeandika kirefu, mnisamehe. Karibuni mchangie.

#2

Amina mwalimu. Umenigusa. Ila nina swali na naomba usinielewe vibaya. Kanisani kwetu tunafundishwa tusiwaguse masihi wa Bwana, yaani wapakwa mafuta wake. Tukiruhusu kila muumini asimame amhoji mtumishi wa Mungu kuhusu fedha, hatufungui mlango wa uasi? Kora na wenzake walianza hivihivi na Musa.

#3 (mwanzisha uzi)

Mtumishi, swali lako ni zuri na najua linatumika sana, ngoja nilijibu polepole.

Neno hilo liko Zaburi ya 105. Ukisoma kuanzia juu, linawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakihama taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwadhulumu. Ni neno la kumlinda mnyonge asionewe na mwenye nguvu. Leo tunalichukua na kumkinga nalo mwenye nguvu ili mnyonge asiulize. Hilo linaniuma, kwa sababu hata mimi ningelitumia siku ile kama ningelikumbuka.

Mtazame na Daudi, ambaye hakuna aliyemheshimu mpakwa mafuta kumzidi. Pangoni alikata upindo wa vazi la Sauli, na hata hilo likamchoma moyo. Hakumgusa. Lakini alitoka nje ya pango akamwita, akamweleza kosa lake peupe, na Sauli alikuwa na watu elfu tatu. Baadaye Daudi naye alipokuwa mfalme, nabii Nathani alimwendea na habari ya mwana-kondoo wa maskini, na Daudi hakumwambia Nathani kwamba amegusa masihi wa Bwana. Alisema nimefanya dhambi.

Kora alitaka kiti. Bibi alitaka kujua bati ngapi. Haya ni mambo mawili, na tukiyachanganya tunawakosea wengi.

#4

Mimi ni mweka hazina wa kanisa moja mjini hapa Dodoma, nathibitisha maneno ya mwalimu. Kwetu akaunti ina wasaini watatu, inaonekana safi. Nilipoingia nilikuta kitabu cha hundi kimesainiwa na wawili, kurasa kumi tupu, "ili tusiwe tunawatafuta". Kwa hiyo wasaini watatu walikuwa ni mmoja. Nilikataa kusaini ya tatu mpaka hundi ijazwe kiasi na jina la anayelipwa. Nilichukiwa miezi kadhaa, ila sasa wamezoea.

Kuna jambo linanishangaza kwetu sisi tunaoishi makao makuu. Kila Aprili ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawekwa mezani bungeni, na siku hiyo mji mzima ni wachambuzi, kuanzia kwa bodaboda mpaka kwa wazee wa kanisa. Fulani kala, halmashauri fulani ina hati chafu. Ibara ya 143 ya Katiba tunaitaja kwa namba. Jumapili ileile taarifa ya fedha ya kanisa inasomwa kwa dakika mbili, jumla ya mapato, jumla ya matumizi, tunasema Amina tunakwenda kula. Tungekuwa na nusu ya ukali ule kwa sadaka zetu, ingesaidia.

#5

Shalom. Mimi ni mwanamke wa Kongwa, nimesoma uzi wote nikakumbuka karanga. Vijana wengi wa sasa wanajua Kongwa ni ranchi ya ng'ombe na mnada, hawajui kilichotangulia.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wakatuma wataalamu wao, wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Wakaandika mpango wa kulima karanga zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kufika Kongwa. Mibuyu na vichaka vya kwetu vikayavunja. Halafu ardhi yenyewe: kiangazi udongo wetu wa mfinyanzi unakauka unakuwa kama saruji, karanga zimo ndani na jembe la mashine haliingii. Mvua nayo ikawa ya Dodoma, inayokuja ikitaka. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda.

Mama yeyote wa Kigogo mwenye jembe la mkono angewaambia kwamba kiangazi udongo ule hauchimbiki. Wale walikuwa na fedha, na elimu, na naamini wengi walikuwa na nia njema ya kulisha watu wao. Nikiwaza kanisa na kikundi chetu cha akina mama, naona tunavunjika palepale: mpango unatoka juu ukiwa umekamilika, na sisi tunaitwa kuupigia makofi. Mwaka jana tulipangiwa mradi wa kuku wa mayai na kijiji hakina umeme wala soko la mayai. Hakuna aliyetuuliza. Tulikuwa tayari kusema.

#6 (mwanzisha uzi)

Dada wa Kongwa, umenifungulia kitu. Mimi niliona swali la bibi kama la hesabu tu. Kumbe swali la muumini ni macho ya ziada. Baada ya lile tukio ndipo watu walipoanza kuniambia mambo: kwamba upande wa mashariki kenchi zimekaa mbali mno, upepo wa Agosti utang'oa bati. Mzee mmoja alijua tangu siku ya kwanza. Alisema, "Nilidhani hutaki kuambiwa." Tukaongeza kenchi nne.

Na mweka hazina #4, Mungu akutie nguvu. Nehemia alikutana na hali kama yako kwenye ghala la nafaka, divai na mafuta. Sura ya 13 anawaweka watunzaji wanne, na kati yao kuna kuhani, mwandishi na Mlawi. Watu wa nafasi tofauti, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu. Na huyuhuyu Nehemia, miaka kumi na miwili akiwa liwali, hakula posho ya uliwali, ilhali waliomtangulia waliwatoza watu chakula, divai na shekeli arobaini. Mtu asiyegusa posho yake halali bado aliweka watu wanne ghalani.

#7

Mwalimu nisaidie kiutendaji. Nimechaguliwa katibu wa ujenzi huku Chamwino. Daftari mnaliwekaje? Halafu kuna wazee wanapinga majina kusomwa, wanasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume.

#8 (mwanzisha uzi)

Mkuu, ni kaunta buku ya kawaida. Ukurasa wa kushoto vilivyoingia: tarehe, kitu (kuku, debe la mtama, fedha), kiliuzwa kwa kiasi gani, nani kapokea, sahihi. Wa kulia vilivyotoka, na risiti inagundishwa hapohapo na gundi siku ileile, usiseme kesho. Fedha ya mnada inahesabiwa na watu watatu palepale chini ya mbuyu kabla mtu hajaondoka, mmoja wao kijana na mmoja mama. Laini ya simu tumesajili ya kazi hiyo peke yake, namba ya siri anayo mweka hazina, na simu yenyewe inakaa kwa katibu. Inachosha mwanzoni. Baada ya miezi mitatu hutaisikia.

Kuhusu majina, wazee wako wana haki na usiwapuuze. Bwana alisema hivyo tusitoe kwa kutafuta sifa. Sisi tunasoma vitu na jumla yake, majina hatusomi. Ila daftari liko wazi mezani baada ya ibada, na kila mtu anaruhusiwa kuja kuangalia mstari wake. Wengi hawaji. Wakijua linafunguka, inawatosha.

#9

Mwalimu, hujatuambia. Bibi alijibiwa swali lake?

#10 (mwanzisha uzi)

Alijibiwa. Jumatano iliyofuata nilikwenda kwake jioni, nikamkuta anapepeta uwele. Nikapewa kigoda. Nikamwambia, "Bibi, mbuzi wako alinunua bati tatu. Bati moja elfu ishirini. Elfu kumi iliyobaki ilinunua misumari."

Akarudia kwa sauti ndogo: bati tatu na misumari. Halafu akaniuliza, "Zipi?"

Nikamwambia ukweli kwamba sijui, zote zilikuja na kirikuu kimoja, haziwezi kutofautishwa. Akaniangalia, akacheka mara ya kwanza tangu siku ile ya kikao. Akasema basi atachagua mwenyewe.

Jumapili alifika mapema kabla ya kengele. Akasimama katikati ya kanisa, shingo juu, anatazama paa. Akanyoosha kidole kwenye tatu zilizo juu ya benchi analokaa.

Naomba niishie hapa kwa leo, simu inaisha chaji. #7 nitumie ujumbe faragha, nitakupigia picha kurasa mbili za daftari letu.